Uvumilivu si Dawa Iliyopungua: Saratani ya Matiti Lubumbashi

Mwanamke mwenye saratani ya matiti, au kansere kama wengi mjini Lubumbashi, Kongo, wanavyoiita, husifiwa kwa uvumilivu kana kwamba ndiyo dawa iliyopungua hospitalini, ilhali mengi yanayomfanya akatize matibabu ni mambo ambayo hospitali, familia na serikali zingeweza kuyapanga.

Kemoterapia, yaani dawa zinazosafiri katika damu na kuua seli zinazogawanyika upesi, haichagui kati ya seli za saratani na nyingine zenye tabia hiyo hiyo. Ndiyo maana nywele hudondoka, kinywa huota vidonda, na chembe nyeupe za damu hupungua kiasi kwamba homa ya nyuzi 38, ambayo wengi wangeidhania kuwa malaria tu, yaweza kuwa maambukizi yanayodai hospitali siku hiyo hiyo. Aliyeelezwa hayo kabla ya dripu ya kwanza huumia bila kushtuka. Asiyeelezwa huona dawa inamuua, na jirani akimnong'oneza habari za ulozi, chumba cha maombi humvuta kuliko wodi. Sala haina kosa, ila ikiwekwa mahali pa dawa.

Upasuaji nao huacha majeraha mawili. Tezi za kwapani zikiondolewa, majimaji ya mwili yaweza kujikusanya na kuuvimbisha mkono, hali iitwayo limfedema, na mkono huo ndio wa kubeba ndoo na kusonga bukari, yaani ugali. Jeraha la pili, la titi lililoondolewa, huonekana mbele ya kioo na kitandani, na hapo mume aliyeachwa nje ya chumba cha daktari hawezi kulaumiwa peke yake kwa kutojua la kusema. Mazoezi ya mkono, titi la kitambaa la kushonwa na fundi, na kiti cha pili mbele ya daktari havihitaji mtambo wowote.

Watasema, na si bure, kwamba mashine za tiba ya mionzi zitangulie. Lakini mionzi hutolewa karibu kila siku kwa majuma kadhaa, hivyo anayepelekwa Lusaka, Zambia, kupitia mpaka wa Kasumbalesa, au Kinshasa kwa ndege, hulipia pia malazi, chakula na msindikizaji. Zamani mzigo huo haukuwa wa familia peke yake: enzi za kampuni ya madini ya Union Minière, na baadaye Gécamines iliyoirithi, kampuni ilimtibu mfanyakazi pamoja na mke na watoto wake. Baada ya Gécamines kuporomoka miaka ya 1990, na zaidi ya wafanyakazi 10,000 kuondoka kuanzia mwaka 2003 kwa kile kilichoitwa hiari, familia nyingi zilibaki na mifuko yao wenyewe.

Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake kuhusu saratani ya matiti ulioanzishwa mwaka 2021, liliweka lengo kwamba angalau asilimia 80 ya wagonjwa wamalize matibabu yao. Kwa kipimo hicho, dawa ya kichefuchefu na muuguzi wa kuulizwa maswali ni sehemu ya tiba, wala si hisani ya kampeni za saratani ya matiti za mwezi wa Oktoba. Mpango wa afya kwa wote wa Kongo ulianza Septemba 2023 jijini Kinshasa na uzazi usiolipiwa. Utakapofika kwenye saratani, serikali na iihesabu hata nauli ya Kasumbalesa kuwa gharama ya matibabu.