Ukihama na tovuti yako, usifunge duka la zamani siku ile ile

KIKUNDI kimoja cha wakulima wa viungo huko Kizimbani, ambacho nimekuwa nikikisaidia mahesabu, kilihamisha tovuti yake Julai 2023, wageni wakiwa wamejaa. Walikuwa wakiilipa kampuni ya nje kwa dola, wakapata ya hapa nchini yenye bei nafuu. Ijumaa jioni fundi alifanya mabadiliko, akafungua tovuti kwenye simu yake pale Mji Mkongwe, ikatokea ile mpya. Akawashauri wavunje mkataba wa zamani usiku ule ule. Nami niliafiki, nikiona tunaokoa malipo ya mwezi.

Jumapili asubuhi mnunuzi wa Muscat, anayechukua mdalasini na pilipili manga, alituma oda kwa barua pepe. Ikamrudia kwamba anuani hiyo haipo. Alipopiga simu wiki iliyofuata alikuwa keshanunua kwingine, akidhani kikundi kimekufa.

Fundi alisema mtandao ulikuwa na matatizo. Sikubaliani naye. Mtandao ulifanya kazi yake kama ulivyopangwa, sisi ndio tuliokuwa na haraka.

Kompyuta hazitafutani kwa majina bali kwa namba. Mfumo wa kubadili jina kuwa namba ulibuniwa na Mmarekani Paul Mockapetris mwaka 1983. Kompyuta za makampuni ya simu na intaneti huuliza namba ya jina fulani, kisha huihifadhi kwa muda ili zisiulize kila mara. Muda huo hupangwa kwa sekunde, na kwenye mipangilio ya jina lako umeandikwa TTL. Mara nyingi utakuta 86,400, yaani siku nzima. Ukibadilisha kampuni inayoshika mipangilio yote ya jina linaloishia na .com, taarifa ya zamani inaweza kukaa sekunde 172,800. Hizo ndizo saa 48 ambazo mafundi huzitaja bila kueleza zimetoka wapi. Kompyuta ya Muscat iliyouliza Ijumaa alasiri ilikuwa na haki ya kutumia jibu lile hadi Jumapili alasiri.

Kila mfanyabiashara analijua hili kwa njia nyingine. Ukihama Darajani kwenda Mwanakwerekwe, wapo wateja watakaofuata njia waliyoizoea. Unamwacha kijana mlangoni awaelekeze. Sisi tulifunga mlango na kijana tukamwachisha kazi.

Basi siku mbili au tatu kabla ya kuhama, mwambie fundi ashushe TTL hadi 300, yaani dakika tano, kisha asubiri muda wa zamani uishe. Kama kampuni ya zamani inakubali, badilisheni namba ya tovuti tu na mipangilio mingine ibaki ilipo, kwani zile siku mbili za .com huwezi kuzifupisha wewe. Mipangilio ya barua pepe inakiliwe yote kabla ya chochote; hapo ndipo mafundi wengi husahau, maana wao wanatazama picha za tovuti na si oda. Kwa wiki nzima fungua masanduku yote mawili ya barua, la zamani na jipya, na bei ziwe sawa pande zote mbili. Malipo ya mwezi mmoja wa ziada kwa kampuni ya zamani hayafikii faida ya oda ile moja tuliyoipoteza.

Jambo jingine, ambalo kwa maoni yangu ni zito zaidi: ulizia leo jina la tovuti yako limesajiliwa kwa nani. Wengi wameliacha kwa jina la fundi. Mkigombana, au akihamia Dar es Salaam na kubadili simu, hamna mtakachobadilisha. Majina ya .tz yako chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na mwenye jina ni yule aliyeandikwa, si yule aliyetoa fedha.

Kikundi kina jina la pili, la .co.tz, ambalo nalo kinataka kulihamisha. Tumekubaliana iwe Aprili, masika yakianza na baadhi ya hoteli zikifungwa, na safari hii kampuni ya zamani italipwa hadi mwisho wa Mei.