Huli nguruwe, lakini tegu wake anaweza kufika ubongoni mwako



Ukitaja tegu wa nguruwe katika nyumba ya Kiislamu, utajibiwa haraka: "Hayo hayatuhusu, sisi hatuli haramu." Jibu hilo ni la hatari.

Fuatilia safari ya mnyoo huyu. Anayekula nyama ya nguruwe yenye vifuko vya tegu, isiyoiva, hupata tegu tumboni. Mayai ya tegu hutoka na kinyesi chake. Akijisaidia porini, au asiponawa mikono, mayai hayo hufika kwenye mchicha, kwenye maji na kwenye sahani. Atakayeyameza, awe anakula nguruwe au hali, anaweza kupata vifuko mwilini, hata ndani ya ubongo. Huko hukaa kimya pengine miaka. Vinapoanza kufa, mwili hupambana navyo, ubongo huvimba, na mtu huanguka kifafa.

Mwaka 1992 madaktari wa Marekani waliripoti wagonjwa wanne wa aina hii katika jamii ya Wayahudi wa New York, watu wasiokula nguruwe kabisa. Chanzo kilichoonekana ni watumishi wa nyumbani waliokuwa na tegu. Hapa Tanzania tegu huyu amethibitishwa Mbulu, Mbozi na hata Kongwa, ambako si mbali na sisi wa Berega.

Si kila kifafa kinatokana na tegu. Lakini Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika maeneo yenye tegu huyu, karibu asilimia 30 ya kifafa chanzo ni yeye. Sasa tujiulize: ni watoto wetu wangapi tumewaita wenye mashetani, tukawafungia ndani na kuwatengea vyombo? Povu la kifafa haliambukizi. Msomee dua mwanao, lakini mpeleke pia hospitali, dawa zipo. Wala usimnunulie dawa ya minyoo kiholela, kwani nyingine huua vifuko ghafla na kuzidisha uvimbe wa ubongo.

Dini imetufundisha istinja, kunawa na kukata kucha. Basi kila nyumba iwe na choo, maji na sabuni, na mboga ya kuliwa mbichi ioshwe vizuri kwa maji safi. Kuacha nguruwe ni nusu ya kinga. Nusu nyingine ni tahara, yetu na ya jirani yetu, awe wa dini yoyote.