Windows Iliyochakachuliwa na Linux ya Bure: Ipi Salama Zaidi?

Wanachuo wenzangu, tuseme ukweli. Wengi wetu tuna Windows iliyochakachuliwa kwenye kompyuta zetu, na fundi aliyeiweka hatumjui hata jina. Lakini mtu akitaja Linux, swali linakuja haraka: “Hiyo ya bure, ambayo kila mtu anaweza kuona ilivyoandikwa, si tutadukuliwa?”

Mimi nasomea ualimu, si fundi kompyuta, ila naona hofu hiyo imekaa mlango usio wake. Programu ya kuamsha Windows bila leseni inatoka kwa mtu usiyemjua, na mara nyingi sharti lake la kwanza ni uzime antivairasi. Yaani unamfungia mbwa ndani ili mgeni apite usiku! Kisha kwenye kompyuta hiyo hiyo unafungua akaunti yako ya SIPA ya Bodi ya Mikopo kuangalia kama boom limeingia.

Kwenye Linux, tuseme Ubuntu, programu nyingi unazichukua kwenye ghala la wanaoutunza mfumo. Vifurushi vya humo vinalindwa kwa sahihi ya kidijitali, na kikichezewa njiani mfumo unakikataa. Kugusa mambo ya ndani lazima uandike nywila. Na vile virusi vya flashi vinavyogeuza mafolda kuwa shotikati, tunavyovijua sote, vimeandikwa kwa ajili ya Windows, kwa hiyo kwenye Linux vinakaa tu kama mizigo. (Ukimpa mwenzako flashi hiyo vinaamkia kwake, basi uwe na utu, visafishe kwanza.)

Je, kuona jinsi mfumo ulivyoandikwa hakumsaidii mwizi? Humsaidia, lakini humsaidia na mlinzi. Machi 2024 Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aliona kuingia kwenye mashine yake ya Linux kunachelewa kama nusu sekunde. Mtu mwingine angeendelea na chai yake. Yeye alichimba, akakuta mlango wa siri ndani ya programu ndogo iitwayo XZ, uliowekwa na mtu aliyejiita Jia Tan baada ya kujenga uaminifu kwa zaidi ya miaka 2. Ulikamatwa kabla ya kufika kwenye matoleo ya kawaida ya Debian na Ubuntu. Freund aliweza kuchimba kwa sababu hakuna kilichofungwa, ingawa na bahati ilikuwepo, na anayekwambia Linux haiingiliki anakudanganya.

Sasa njoo Kinyangiri, kwetu Mkalama. Mwalimu anayetaka kuchapa mtihani wa muhula anapeleka flashi steshenari, na kompyuta ya pale imepokea flashi za kijiji kizima tangu asubuhi. Mwaka kesho kutwa mwalimu huyo ni wewe, na kwenye flashi kuna mtihani, alama za wanafunzi na barua yako ya uhamisho. Kompyuta nyingi za huku ni za zamani, haziwezi kupokea Windows 11, na Microsoft iliacha kuziba matundu ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa waliojiandikisha kuongezewa muda. Mashine ya namna hiyo Linux inaifaa kabisa. Matoleo ya Ubuntu yanayoitwa LTS yanazibwa matundu miaka 5 bila kulipia leseni.

Utalipia bando, na hapo ndipo ninapoona tatizo kubwa kuliko wadukuzi. Masasisho yanakula data, na mtu wa kijijini atasema “baadaye” mpaka mwaka uishe. Linux isiyosasishwa nayo ni nyumba isiyo na komeo. Tena haitakusaidia ukibofya linki ya WhatsApp ya zawadi za uongo ukaandika nywila yako. Kompyuta ikiibwa kwenye basi la Singida, mwizi atasoma kila kitu kama hukuchagua kufunga diski kwa nywila siku ya kusimika. Na kijana wa steshenari akiamua kunakili mtihani wako, hakuna mfumo endeshi utakaomzuia.

Wanaosema mambo haya ni ya Wazungu wajue kwamba mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux na wenzao wa Uswidi, kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi kwa Kiswahili. Ni miaka zaidi ya 20 sasa, na bado kwenye maabara zetu tunaogopa kuigusa Linux kana kwamba itauma.

Ombi langu kwa serikali ya wanafunzi ni dogo: Jumamosi moja kabla hatujaenda mazoezi ya kufundisha. Toleo lipakuliwe mara moja kwa Wi-Fi ya chuo, tugawane kwa flashi, anayetaka asimikiwe pembeni ya Windows yake. Lipakuliwe kwenye tovuti rasmi na alama yake ya uhakiki ilinganishwe, maana Februari 2016 tovuti ya Linux Mint yenyewe ilidukuliwa na watu wakaelekezwa kupakua nakala yenye mlango wa siri. Kulinganisha ni kazi ya dakika 2, na kila mwalimu mtarajiwa aifanye kwa mkono wake.