Vita vya Mezani, Kabla Sijavicheza

Juma hili nawaomba ruhusa niweke kando habari za ada za shule na bei ya mbolea, niwaeleze mchezo ambao bado sijaucheza. Jina lake ni Kings of War, maana yake Wafalme wa Vita. Hutolewa na kampuni ya Mantic Games ya mji wa Nottingham, Uingereza, na aliyezitunga sheria zake za mwanzo ni Bwana Alessio Cavatore, mtu wa Italia. Kitabu nilicho nacho ni toleo la tatu, la mwaka 2019. Nimekisoma jioni nne mfululizo baada ya kufunga madaftari ya ofisi, kalamu mkononi, kama tulivyofundishwa chuoni kulisoma somo kabla ya kuingia darasani.

Wachezaji ni wawili. Husimama huku na huku kwenye meza ya futi 6 kwa futi 4, ambayo juu yake wamepanga vilima, misitu na kuta za bandia. Kila mmoja ana jeshi la sanamu ndogo, kimo cha mtu kama milimita 28 hivi, zilizopakwa rangi kwa mkono. Wala hao si askari wa nchi tuzijuazo. Wamo vibeti wenye ndevu, wamo watu warefu wenye masikio yaliyochongoka, majitu ya kijani yaitwayo orki, panya wanaosimama kwa miguu miwili, na hata mifupa mitupu inayotembea na kushika mikuki. Ulimwengu wao wa kubuniwa waitwa Pannithor. Mchezaji akipata zamu husogeza vikosi vyake, kisha hupiga mishale, kisha hupigana ana kwa ana, ndipo mwenzake naye afanye vivyo hivyo. Mchezo mmoja waweza kuchukua saa mbili au zaidi.

Mtauliza karani wa parokia amepatwa na nini. Dada yangu anaishi Uingereza na mumewe, na mwana wao, mpwa wangu, ana miaka 14. Amezaliwa huko huko. Kiswahili chake ni cha simu: "Shikamoo Mjomba," "Mzima," "Sawa," halafu simu hurudishwa kwa mama yake. Tumeonana mara mbili tu tangu azaliwe, na watu wa namna hiyo wataongea nini? Basi mwezi wa Agosti akaja na swali lake mwenyewe. "Mjomba, adui akikupiga mgongoni, unajua inakuwaje?" Siku hiyo tulizungumza dakika 40, yeye akichanganya lugha mbili nami nikimsubiri atafute maneno. Anakuja wakati wa Krismasi, majuma matatu, na ameniomba niwe nimekwisha kuzijua sheria. Mpwa akiomba hivyo, mjomba hana pa kukimbilia.

Basi haya ndiyo niliyoyaona.

Jambo la kwanza lililonivuta ni kwamba mchezo huu haumhesabu mtu mmoja mmoja. Kikosi cha askari 20 wa miguu husimama watano kwa upana na wanne kwa urefu, juu ya kitako cha milimita 100 kwa 80, na husogezwa kama kitu kimoja. Sheria hujali kipimo cha kitako hicho kuliko uzuri wa sanamu. Kwa sababu hiyo nimekata maboksi ya chaki vipande vya kipimo hicho, nikaandika juu yake kwa wino: mikuki, pinde, farasi. Nilipovipanga mezani na kuvisogeza kwa rula, mara kurasa ambazo nilikuwa nimezisoma mara tatu zikafunguka. Askari wengi wa miguu huenda inchi 5, vibeti inchi 4 tu. Anayeshambulia hukimbia mara mbili ya mwendo wake. Tena kupima kabla ya kuamua kunaruhusiwa, kwa hiyo hakuna kuviziana kwa macho. Kila mtu ajua adui aweza kumfikia wapi.

La pili ni hilo la mgongoni, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo ulipo utamu. Mathalani kikosi kina mapigo 12, na kila pigo hulenga dadu ikitoka 4 au zaidi. Kwa kawaida nusu hulenga, yaani 6. Dadu hizo 6 hutupwa tena kushindana na ngao za adui. Ikitakiwa 4 tena, yabaki madhara 3. Lakini ukimwingilia adui ubavuni, mapigo yako huwa mara mbili, na ukimwingilia mgongoni huwa mara tatu. Basi kwa hesabu hiyo hiyo madhara ni 6 ubavuni na 9 mgongoni.

Na je, wangapi wamekufa? Hakuna. Madhara huandikwa tu kando ya kikosi, nacho huendelea kupigana kwa nguvu zake zote. Kinachojaribiwa ni moyo. Pambano likiisha, aliyeshambulia hutupa dadu mbili, hujumlisha na madhara yote ya kikosi kile, kisha hutazama tarakimu mbili kilizopewa, tuseme 14 na 16. Jumla ikifika 14, kikosi chayumba, na zamu ifuatayo hakiwezi kushambulia wala kupiga mishale. Ikifika 16, kikosi chote chatimka na kuondolewa mezani. Nilichukua karatasi nikapiga hesabu. Kikipigwa usoni, kwa madhara 3, hata dadu zikitoka 6 na 6 jumla ni 15, hakikimbii. Kikipigwa ubavuni, chatimka mara 6 katika kila 36. Mgongoni, mara 21 katika 36. Mikono ni ile ile na silaha ni zile zile, tofauti ni upande tu. Niliwaza habari za nyumba kadhaa nilizozijua, ambazo shida ya usoni hazikuiogopa hata kidogo, nikafunga kitabu nikaenda kulala.

Wacheza bao wataona mara moja tofauti. Katika bao kete ni 64 na bahati haina kiti. Ukishindwa, umeshindwa kwa akili yako. Tena kete zilizoliwa huingia upande wa pili na kuzidi kufanya kazi. Hapa dadu zina neno lao. Zikitoka 1 na 1, kikosi husimama imara hata kama madhara yake hayahesabiki. Tena anayepigwa hatupi dadu hata moja. Hukaa akitazama mwenzake akiamua kwa mkono wake kama jeshi litasimama au litakimbia. Kwa hili nina mashaka. Kumtazama mtu akikutupia dadu zako huku umefunga mdomo ni kazi, na kijana wa miaka 14 si mtu wa kufunga mdomo. Wala mimi.

Mzee mmoja wa halmashauri ya parokia alinikuta na dadu hizo ofisini. "Karani," akasema, "dadu katika nyumba hii?" Nikamwambia, "Shikamoo Mzee, karibu uketi," nikamwonyesha kwamba hakuna hata senti iwekwayo, na kwamba dadu hapa zafanya kazi ya upepo na matope, yaani mambo ambayo jemadari hawezi kuyaamuru. Hilo alilikubali. Akataka kujua habari za picha. Ni kweli kitabuni wamo pepo wabaya watokao katika shimo la kuzimu, na wanaopigana nao ni ufalme wa Basilea wenye mashujaa wa mabawa. Mzee alizitazama picha hizo kwa muda mrefu. "Na kijana atachukua upande gani?" Nikamjibu kwamba mpwa wangu amekwisha kuchagua mifupa. Mzee akacheka mpaka akavua miwani. "Afadhali," akasema, "mifupa haili. Hao wengine nani anawabebea chakula?"

Hakuuliza kwa mzaha. Babu yake alikuwa mpagazi katika vita vya 1914 hadi 1918. Nikakipekua kitabu tena kutoka jalada hadi jalada. Wamo wachawi, majoka na mizinga, mpagazi hayumo. Hakuna mwenye njaa, hakuna mwenye homa, na jeshi likimaliza kazi hurudi kabatini.

Michezo hii ina nasaba ndefu. Mwaka 1812 von Reisswitz wa Prussia alimpelekea mfalme wake meza ya kuchezea vita, na mwaka 1824 mwanawe akatoa sheria zilizotumika kuwafundisha maofisa. Kwa upande wa burudani, mwandishi Mwingereza H. G. Wells alitoa mwaka 1913 kitabu kiitwacho Little Wars, cha kupigana sakafuni kwa askari wa risasi na vimizinga vya kuchezea vinavyofyatua vijiti. Mwishoni mwa kitabu hicho alisema kwa maneno yake kwamba mtu akicheza vita vidogo mara tatu nne ataona jinsi vita vikubwa vilivyo jambo la kipumbavu na la hasara. Mwaka uliofuata vita vikubwa vikaanza, na kufika Novemba 1914 watu walikuwa wakiuana Tanga. Waingereza na Wadachi wote wawili walibebewa mizigo na watu wetu. Wapagazi waliokufa ni makumi ya maelfu, wengi zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Dar es Salaam wanalo jina lao, Kariakoo, na wengi huenda pale kununua viatu bila kujua limetoka wapi.

Sisemi hayo ili kuupiga marufuku mchezo. Bao nalo halina wapagazi. Nasema kwa sababu mpwa wangu anafundishwa shuleni habari za vita hivyo, mahandaki ya Ufaransa na kadhalika, na napenda ayasikie ya huku akiwa ameketi mezani, mkono umeshika kikosi, wakati ambapo masikio yake yamefunguka. Nimemwomba yule mzee aje jioni moja. Amekubali, kwa sharti kwamba asitupe dadu.

Neno kuhusu gharama, maana najua wazazi watauliza. Sanamu hizi si rahisi. Huja vipande vipande, hukatwa, hugundishwa, kisha hupakwa rangi moja moja. Mpwa wangu asema kikosi kimoja cha mifupa kilimchukua mwezi mzima wa jioni zake. Dada yangu alinung'unikia fedha, lakini siku hizi hamkuti kijana chumbani akitazama simu bali akishika brashi, na manung'uniko yamepungua. Kwetu huku vipande vya boksi vyatosha kuanzia. Atakayetaka vipimo aje ofisini, nitampa.

Kilichobaki ni maneno. Tumekubaliana kwamba mezani petu amri zote zitatolewa kwa Kiswahili, na sheria zote ziko kwa Kiingereza. Nina daftari nililoliandika: kikosi, uso, ubavu, mgongo, madhara, moyo. Kila Jumapili baada ya Misa namsomea kwa simu maneno matano, naye hunirudishia kwa lafudhi yake. Mengi ameyapokea bila ubishi. Limebaki moja, la kikosi ambacho hakijakimbia na wala hakiwezi kupigana. Mimi nimeandika kwamba kinayumba. Yeye asema hapana, mifupa haiyumbi kama mlevi; yeye ataka kinagwaya, neno alilolipata kwa mama yake, nami sijui dada yangu amelikumbuka kutoka wapi, maana hatujalitumia tangu alipokuwa hai bibi yetu. Jumapili hii tunaendelea na ubishi huo.