Atasemaje Amina Kama Hakusikii?



Katika 1 Wakorintho 14, Paulo anawapa Wakorintho swali gumu: mtu asiyeelewa unachoomba, atakubalianaje nawe? Yeye alikuwa akizungumzia kunena kwa lugha. Mimi leo nalileta swali hilo kwenye maombi yetu ya Zoom.

Tangu Machi 2020, ibada za makanisani ziliposimamishwa kwa sababu ya Korona, tulijifunza kuomba mbele ya skrini. Milango ilifunguliwa, lakini maombi ya mtandaoni yaliendelea. Na yaendelee! Tuna dada yetu Doha, ambako saa ni sawa na ya hapa Eldoret. Tuna ndugu yetu Dallas. Tukianza saa 11 alfajiri, kwake bado ni usiku wa jana. Hao ushirika wao na sisi uko kwenye simu tu.

Sasa niseme wazi, hata kama vijana wa mitambo hawatafurahi: tuache kukimbilia kamera. Pesa ya kwanza iende kwa maiki. Picha ikiganda, mtu bado ataomba nawe. Sauti ikikatika, umemwacha nje ya mlango. Warumi 10:17 inaifunga imani na kusikia, si na kutazama.

Hata bando linakubaliana nami. Sauti ya Zoom huhitaji kama kilobiti 80 kwa sekunde. Picha nzuri ya watu wawili huhitaji kama 600. Mtandao ukisumbua, zima kamera ubaki na sauti. Hakuna atakayekuhesabia dhambi.

Kwa hivyo, kabla ya kuingia:

1. Vaa vipokea sauti vya masikioni, hata vile vya bei rahisi. Spika yako ikirudi kwenye maiki yako, sisi wote tunasikia mwangwi. Mkiwa wawili sebule moja, ingieni kwa simu moja.

2. Sogeza maiki karibu na kinywa. Ikiwa mbali hubeba jogoo, televisheni ya jirani na mvua juu ya mabati. Chumba chenye mapazia na makochi ni bora kuliko chumba kitupu.

3. Tazama dirisha au taa. Mwanga ukiwa nyuma yako tunaona kivuli tu. Inua laptopu ifike usawa wa macho.

4. Waimbaji, programu hudhani kinanda ni kelele na kukifuta. Washeni ule mpangilio wa sauti halisi. Na tusilazimishe kuimba sote pamoja. Sauti huchelewa njiani. Mmoja aongoze, wengine tuzime maiki tuimbe kwa nguvu nyumbani.

Lakini kuna jambo zito kuliko mwangwi. Mama mmoja anafungua moyo kuhusu ndoa yake, akijua yuko kati ya wapendwa. Wewe umewasha spika ndani ya matatu ya Langas. Abiria 14 wamesikia machozi yake, na huenda mmoja wao ni jirani yake. Mpendwa, hapo vipokea sauti si mapambo. Ni namna ya kumfunika mwenzako. Kama huna, andika kwenye ujumbe kwamba hauko peke yako, ili asubiri.

Utaniambia, "Pasta, Mungu husikia hata kunong'ona." Kweli kabisa! Hana aliomba midomo ikitikisika bila sauti, na Mungu akampa Samweli. Lakini kumbuka Eli, aliyekuwa pale pale karibu. Hakusikia, akadhani mama huyu amelewa. Mungu hahitaji maiki yako. Ni ndugu yako anayeihitaji, ili asikuelewe vibaya, na ili abebe mzigo pamoja nawe.

Jioni hii, usingoje saa ya maombi. Ingia dakika 10 mapema, jaribu sauti yako na mtu mmoja. Na wewe kijana, kabla hujalala, mtengenezee nyanya yako simu yake, umwonyeshe pa kubonyeza anapotaka kuzungumza. Hiyo nayo ni huduma.

Kama umepokea, andika AMINA, kisha umtaje mmoja utakayemsaidia wiki hii.

Mbarikiwe sana.
Pasta wenu