Daftari ya koperative italala wapi?

Pompe ya maji ikizeeka shimoni, kila mtu anajua, sababu maji yanapanda na kazi inasimama. Seriva ikizeeka, hakuna anayesikia kitu. Taa yake ya kijani inaendelea kuwaka, majina ya wanachama yanaonekana, gramu za kila juma zinaandikwa, mpaka asubuhi moja haifunguki tena. Siku hiyo njo mchimbaji anajua kwamba deni lake, mgao wake na tarehe aliyoingia katika koperative vilikuwa vyote ndani ya kisanduku kimoja cha chuma.

Tunaandika juu ya jambo hili sababu linatuhusu, hata kama linaonekana ni la watu wa kompyuta. Hapa Fizi na Baraka koperative nyingi ziko bado na kitabu na bic, na si haya. Lakini tangu sheria ya madini ilipogeuzwa mwezi wa tatu 2018, mchimbaji wa mkono sherti awe na karte yake na awe memba wa koperative iliyokubaliwa na serikali. SAEMAPE inataka hesabu, mnunuzi anataka kujua zahabu imetoka shimo gani. Ndivyo komite zinavyoingia mambo ya kompyuta, mara nyingi kwa mkono wa mradi fulani. Mradi unaondoka, mashini inabaki: ao iko kwenye kona ya biro, ao ni seriva nzima iliyopangishwa Ulaya miaka mingi iliyopita, na fakture inaendelea kuja. Sasa imechoka. Wanunue ingine, ao wapange ile inayoitwa seriva ya virtueli, VPS?

Sisi tunasema: wapange. Lakini wasisaini kabla wanachama hawajauliza maswali.

Tueleze kwanza kitu chenyewe. Seriva nzima ni kama kupanga nyumba yote na parsele yake: unalipa vyumba vyote hata kama unalala kimoja, na paa ikivuja ni shida yako peke yako. Seriva ya virtueli ni chumba katika jengo kubwa. Mashini moja yenye nguvu inagawanywa, kila mpangaji ana mlango wake, ufunguo wake na mfumo wake, na jirani haingii kwako. Kwa orodha ya wanachama elfu kadhaa pamoja na mizani ya kila juma, chumba cha giga 2 za memori na giga 40 za diski kinatosha kabisa. Bei yake kwa kawaida ni kati ya dola 5 na 20 kwa mwezi. Kuna wenye nyumba wanaokata vyumba vingi kupita nguvu za jengo, na jirani akianza kupika, wewe unakosa hewa. Kwa hiyo fundi aulize kama ni KVM, maana yake kila chumba kiko na ukuta wa kweli, na aulize pia kama memori uliyolipia ni yako peke yako.

Kubaki na ya zamani ni hatari kuliko watu wanavyofikiri. Seriva nyingi za miaka ile zinatembea na CentOS 7. Programu hiyo ilikwisha kupewa marekebisho tarehe 30 mwezi wa sita 2024. Tundu likigunduliwa leo, hakuna atakayeliziba. Ni kufuli ambayo wezi wanajifunza kuifungua kila siku, na fundi wake amekwisha kufunga duka.

Na kununua mashini mpya ya kuweka biro? Hapa kwetu umeme ni jenereta na jua, mavumbi ya barabara ya Misisi yanaingia mpaka ndani ya sahani. Lakini si hiyo sababu kubwa. Watu wa Fizi tunajua kukimbia. Wazazi wetu walivuka ziwa 1996, wakafika Nyarugusu, na waliporudi wengi hawakuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha parsele ilikuwa ya nani. Mwezi wa pili 2025, M23 walipoingia Bukavu, nani alikimbia na seriva kichwani? Daftari inayolala mbali haikimbii.

Lakini «mbali» si neno la kutosha, na hapa tunaomba msikilize vizuri. Usiku wa tarehe 10 mwezi wa tatu 2021, huko Strasbourg, Ufaransa, jengo moja la kampuni OVH liliungua, lile linaloitwa SBG2. Mamilioni ya saiti yalizimika. OVH si kampuni ya kichochoro, ni kati ya kubwa za Ulaya. Mteja mmoja alikuwa na VPS pale na alikuwa analipa zaidi kwa ajili ya sovegarde. Kumbe sovegarde yake ilikuwa inalala katika jengo lile lile! Vyote viwili viliungua pamoja. Mwaka 2023 tribunali ya biashara ya Lille iliamua kampuni imlipe. Koperative ya Lubichako itapata wapi avoka wa kwenda Lille?

Kwa hiyo swali la kwanza si bei. Ni hili: kopi inalala mji gani? Kama seriva iko Ufaransa, kopi iwe Afrika Kusini ao Kenya, kwa kampuni ingine, na ingine kwenye diski ndogo mkononi mwa komite. Na mara moja kwa miezi mitatu fundi aifungue mbele ya watu waone majina yao yako ndani. Kopi ambayo haijafunguliwa hata siku moja hatuihesabu.

Swali la pili: ufunguo ni wa nani? Tunaogopa hili kuliko moto. Kampuni nyingi za nje hazipokei M-Pesa wala Airtel Money, zinataka karte ya Visa. Basi komite inamwomba kijana wa prezida aliye Bruxelles alipe na karte yake, kwa jina lake, na email yake. Mwaka mmoja anakasirika, ao anasahau, na kodi ya chumba isipolipwa mwenye nyumba anafuta vyote. Kontra iandikwe kwa jina la koperative, mo de pase iwe kwa watu wawili ao watatu, na mwaka mzima ulipwe mbele.

Tatu, ni nani anasoma? Orodha inayosema fulani wa shimo fulani alitoa gramu fulani juma hili, ikianguka mikononi mwa watu wa bunduki, inakuwa bariere mpya barabarani. Majina na gramu visiwekwe kwenye ukurasa wa wazi. Bei ya soko iwekwe wazi, hiyo ndiyo kila mama anataka kuona. Hata Kode ya Numerike ya 2023 ina sheria juu ya habari za watu.

Na kitabu cha karatasi kisitupwe. Tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 2018, baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchi nzima karibu siku 20. Seriva za Ulaya zilikuwa zinatembea vizuri kabisa, ni sisi hatukuweza kuzifikia.

Haya yote ni kazi ya mkutano mkuu, si ya prezida na fundi wake peke yao. Kongo iko ndani ya OHADA tangu 2012, na sheria yake ya koperative inampa memba haki ya kuona hesabu. Mama ambaye bwana yake yuko kariere aende naye amuulizie.

Siku ya kuhama, mashini ya zamani isizimwe haraka. Zitembee zote mbili mwezi mzima, majina yalinganishwe mstari kwa mstari. Halafu diski ya zamani isiuzwe sokoni Baraka, ipondwe mbele ya komite. Nyundo hazikosekani Misisi.