Aliyemaliza wa Nne

Mpenzi msomaji, mwezi huu sikuletei mambo ya maua wala chakula cha usiku kwa mishumaa. Nakuletea vumbi la Karatu.

Mume wangu ni mwalimu, na wikiendi zake zote zinaishia kwa watoto wanaokimbia. Miaka mitatu nimenuna. Safari hii nikasema sawa, naja mwenyewe nimwone huyo mke mwenzangu!

Kama hujafika, Karatu ndio mji unaoupita kabla ya kupanda Ngorongoro. Watalii wanakimbilia kreta. Wachache wanajua kwamba Filbert Bayi alizaliwa Karatu mwaka 1953. Mwaka 1974 kule Christchurch, New Zealand, alishika uongozi wa mita 1,500 tangu mwanzo, hakumwachia mtu, akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2. Mpaka leo, asubuhi unakutana na vijana kwenye barabara ya kuelekea geti la Lodoare, wanapanda mlima huku wanapiga stori. Mimi nilihema kwa kuwatazama tu.

Uwanjani zilikuwa mbio za wasichana, mita 3,000. Nikamshangilia aliyeongoza mpaka sauti ikakauka. Baba Nuru wala hakumtazama. Alikuwa anabonyeza saa kila anapopita binti wa nne, mwembamba, raba zimeachama mbele. Nitamwita Neema, si jina lake.

"Mbona unamwandika wa nne?"

"Aliyeshinda ana miaka 18, ameshakomaa. Huyu ana 15. Angalia mabega, hayapandi. Kila mzunguko anarudia muda uleule, na wa mwisho ndio kaongeza kasi. Na hana mwalimu."

Akanikumbusha Alphonce Simbu, Tokyo, Septemba 2025: kilomita 42 na ushei, halafu ubingwa wa dunia ukaamuliwa kwa sekunde 0.03. Mtu wa hivyo, akasema, humjui kwa kutazama nani kaanza kwa mbwembwe.

Jioni tukaenda kwao Neema. Mama yake alitukaribisha kwa chai ya maziwa, akamsikiliza Baba Nuru akieleza habari za mazoezi Arusha, shule nzuri, viatu. Kisha akauliza kwa Kiiraqw, na shangazi akatafsiri:

"Na huko mjini, mama yake atakuwa nani?"

Wote wakanigeukia. Baba Nuru akatazama kikombe chake.

Jamani! Hapo ndipo nikaelewa kuwa kitanda cha Neema kilishatandikwa nyumbani kwangu, ila mimi sikuambiwa. Nikaomba udhuru, nikamvuta mwenzangu nje, nyuma ya gari.

"Ulijua watauliza hivi?"

"Nilijua."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa utakataa."

Nilitaka kufoka. Lakini nikajiuliza, ni nani aliyemfundisha kuogopa? Kila alipoanza habari za mbio zake, mimi niliongeza sauti ya televisheni. Kosa lake ni kuahidi nyumba yetu bila mimi. Langu ni kwamba miaka mitatu sikuwahi kuuliza hata swali moja.

Tukarudi ndani, nikasema ukweli: sijui kama naweza kumlea binti wa miaka 15. Mama Neema akacheka kwa mara ya kwanza. Nadhani jibu la haraka lingemtisha zaidi. Tukakubaliana hivi: Neema aendelee na shule yake hapohapo. Likizo ya Juni aje kwetu wiki nne, mama yake aje naye siku za kwanza, aone atakapolala na nani anashinda nyumbani. Baada ya hapo tutazungumza tena, na Neema mwenyewe atakuwa na sauti. Mwenyewe alisema jambo moja tu: anataka viatu namba 38.

Msomaji wangu, kipaji huonekana uwanjani, lakini hubebwa na nyumba nzima. Kama mwenzako ana jambo linalomfanya macho yang'ae, nenda naye walau mara moja. Nawe mwenye ndoto, usimwahidi mtu kitanda kabla hujamuuliza anayetandika.

Viatu tumeshanunua. Juni nitakupa habari.

Wako, Mhariri